Mshike, Mtoe Motoni

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. Mwalimu huuliza kama wanafunzi wanaokaa dawati moja na mwenzao aliyeanguka wapelekwe kupimwa. Mama mkwe huuliza kama ni salama mjukuu kunyonya kwa mama mwenye kifafa. Dereva wa bodaboda, ambaye abiria wake alipata shambulio na kumtapakazia povu shingoni, huuliza anywe dawa gani. Wote wanataka kujua jambo moja: povu likinigusa, ndiyo nimeshakipata kifafa?

Hapana. Povu la mtu mwenye kifafa halijawahi kumwambukiza mtu mwingine kifafa, awe mtoto, mjamzito au mtu mwenye kidonda mkononi. Haliambukizi mwezi ukiwa mpevu, na haliambukizi hata likiwa na damu ya ulimi uliong'atwa. Wahudumu wa kliniki za kifafa wamelijibu swali hili redioni, shuleni, misikitini na makanisani. Wana kila sababu ya kulichoka, kwa kuwa wao ndio wanaosafisha vidonda vya watu ambao hakuna aliyethubutu kuwagusa.

Anayetaka kuona gharama ya swali hili atazame mikono ya wagonjwa. Mwanamke anasonga ugali kwenye jiko la mafiga matatu. Shambulio linamjia bila taarifa, anaanguka kifudifudi, na mkono wa kulia unaingia kwenye makaa. Fahamu zimemtoka, kwa hiyo hausikii moto wala hawezi kujivuta. Mashambulio mengi hukoma yenyewe ndani ya dakika chache, lakini kwa mkono ulio motoni dakika moja ni nyingi mno. Mtu aliye hatua tatu kutoka hapo angeweza kumshika miguu na kumburuta kwa sekunde chache. Badala yake waliopo wanarudi nyuma na kuwaita watoto watoke, maana povu limeanza kutoka na wanahofia akijamba hewa itawafikia. Miezi kadhaa baadaye anafika kliniki akiwa na vidole vilivyogandana kuwa kitu kimoja na kiwiko kisichonyooka. Kovu hilo husemwa kuwa ni la kifafa. Ukweli ni kwamba kifafa kilimwangusha tu, na waliomwacha motoni ni watu.

Imani hii imepimwa. Watafiti wa Kitanzania, Dk. Rwiza, Profesa Matuja, Profesa Kilonzo na wenzao, waliwahoji wakuu wa kaya 3,256 vijijini Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 1993. Asilimia 40.6 waliamini kwamba kifafa huambukiza, na njia walizozitaja ni kugusana, pumzi, ushuzi, kinyesi na kula pamoja. Karibu theluthi moja walisema wakimkuta mtu ameanguka watakaa mbali wala hawatamgusa. Asilimia 62.7 hawangekubali mtoto mwenye kifafa aende shule. Miaka zaidi ya thelathini imepita tangu hapo, waliokuwa watoto wakati ule sasa ni wazazi, na swali wanalouliza ni lile walilolisikia likiulizwa na wazazi wao.

Basi imani yenyewe ibomolewe tofali kwa tofali, kwa kuwa inaonekana neno "hapana" peke yake halitoshi.

Kwanza, povu. Povu la kifafa ni mate. Wakati wa shambulio taya hubana, koo halimezi, na pumzi hupita kwa nguvu katikati ya mate yaliyojaa mdomoni, nayo yanageuka povu. Likiwa na wekundu, ulimi au shavu limeng'atwa. Ni mate yale yale aliyokuwa nayo asubuhi alipokunywa chai kwenye kikombe ambacho mdogo wake alikitumia baada yake, na hakuna aliyeogopa. Shambulio haliyaongezei kitu. Damu ya mtu yeyote hustahili tahadhari ya kawaida, glavu au kitambaa, lakini hilo linahusu virusi vya kwenye damu na halina uhusiano na kifafa.

Pili, ushuzi na mkojo. Misuli yote ya mwili hukaza kisha hulegea, ikiwamo ile inayozuia haja. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa hujikojolea, na wengine hutoa hewa. Kinachotoka hakina jipya. Hakuna mdudu wa kifafa anayesubiri tumboni apate upenyo.

Tatu, ushahidi ulio mbele ya macho ya kila mtu. Kama kugusa kungeambukiza, wa kwanza kuanguka wangekuwa akina mama waliowafuta watoto wao povu mara kwa mara tangu wakiwa wachanga. Wangefuata wauguzi, kisha wake na waume wanaolala kitanda kimoja na wagonjwa kwa miaka. Hawaanguki. Anayedai kwamba wauguzi wana kinga ya siri aieleze kinga hiyo ni ipi.

Nne, hoja ambayo watu huiona ndiyo mwamba: "Mbona nyumba ile wameanguka watatu?" Hii inastahili jibu refu, maana walioiona nyumba hiyo hawakuona vibaya. Walikosea sababu tu.

Mahali pa kuitazamia hoja hiyo ni Mahenge, Wilaya ya Ulanga, mkoani Morogoro. Dk. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuanzisha kliniki ya kifafa kati ya Wapogoro. Aliwakuta wagonjwa wengi kupita kawaida, wengine wakiwa na makovu ya moto, wengine wakila peke yao kwenye vyombo vyao. Baadaye timu ya Rwiza ilichunguza watu zaidi ya 18,000 katika vijiji 11 vya Ulanga na kukuta, kwa wastani, watu 10 wenye kifafa katika kila 1,000. Katika kijiji kimoja idadi ilifika 37. Mtu wa kijiji kama hicho anapoona ndugu wawili wakianguka, kisha na mtoto wa jirani, si ajabu akahitimisha kwamba kitu kinahama kutoka mtu hadi mtu.

Lakini kinachowaunganisha wagonjwa hao ni mazingira wanayoishi. Mahenge ni eneo la usubi, ugonjwa wa minyoo midogo inayoenezwa na inzi weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi, unaofahamika zaidi kwa kupofusha macho. Tafiti za Tanzania, Kameruni, Uganda na Kongo zimeonyesha kwamba palipo na usubi mwingi na kifafa huwa kingi, hasa kwa watoto na vijana. Watoto wa nyumba moja karibu na mto hung'atwa na inzi wale wale. Povu la kaka halikumwambukiza dada. Wote wawili walikaa kando ya mto ule ule. Dawa ya ivermectin imekuwa ikigawiwa Mahenge tangu miaka ya 1990, na bado utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kifafa kingi kwenye vijiji viwili vya eneo hilo. Hiyo ni sababu ya kuimarisha ugawaji wa dawa na kupambana na inzi. Haimpi mtu ruhusa ya kumkimbia aliyeanguka.

Kwingine sababu ni tegu wa nguruwe. Mtu mwenye tegu tumboni hutoa mayai kwenye kinyesi. Mayai hayo yakiingia kwenye chakula au maji, mtu mwingine anayameza, na lava wake huweza kutua kwenye ubongo na kusababisha kifafa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyo, karibu asilimia 30 ya kifafa hutokana naye. Hapa kuna jambo la kuwazindua waoga: anayeweza kuieneza hatari hiyo ni mpishi mwenye afya njema, asiyewahi kuanguka hata siku moja, ambaye hanawi mikono akitoka chooni. Huyo anakaribishwa kwenye kila sherehe. Anayetengewa sahani yake ni yule mwenye kifafa.

Ongeza malaria kali iliyopanda kichwani utotoni, homa ya uti wa mgongo, uzazi uliochelewa mtoto akakosa hewa, ajali za kichwa na urithi katika baadhi ya koo. Yote hayo yanaweza kuangukia nyumba moja zaidi ya mara moja, na hakuna hata moja linalopita kwenye povu.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya vijijini Afrika pekee. Marekani, hadi miaka ya 1970, ilikuwa halali kumzuia mtu mwenye kifafa kuingia kwenye mgahawa au ukumbi wa maonyesho. Nchi ilikuwa na maabara, vyuo vikuu na vipimo vya umeme wa ubongo, na sheria ziliendelea kukumbatia hofu.

Watu hudhani unyanyapaa ni suala la hisia, kwamba mgonjwa anachekwa na anaumia moyoni. Kliniki huuona kwa namna nyingine: ndio unaoamua nani apate dawa, lini, na kwa muda gani. Shambulio la kwanza hufichwa kwa sababu kuna binti mkubwa wa kuozwa, na posa zikisikia nyumba ina kifafa zitageuza njia. La pili hupelekwa kwa mganga usiku, kwa sababu mganga hatoi kadi wala haiti jina la mtu kwenye foleni. Chale zinachanjwa, hirizi inafungwa, kuku mweusi anatafutwa, na kwa kuwa mashambulio yana kawaida ya kuja na kupotea kwa wiki kadhaa, utulivu wowote unahesabiwa kuwa ushindi wa mganga. Familia inapofika zahanati, mara nyingi miaka imeshapita na mtoto ameshaacha shule.

Wapo wanaodhani tatizo ni watu kutojua hospitali. Takwimu za Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, zinakataa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, watafiti waliwachunguza watu 673 wenye kifafa na kupima damu zao kuona kama dawa imo. Karibu robo tatu waliwahi kwenda kutafuta matibabu kwenye kituo cha afya. Hata hivyo asilimia 62.4 hawakuwa kwenye matibabu yanayofaa. Njia walikuwa wanaijua; walishaipita, kisha wakaiacha. Mambo yaliyoambatana na kukosa dawa yalikuwa pamoja na imani za jadi, kutokuwa na imani na tiba ya hospitali, kukaa zaidi ya kilomita 30 kutoka kituoni, kulipia dawa, na kuishi na kifafa zaidi ya miaka 10. Utafiti mwingine wa Kilifi ulikuta watu wenye kifafa cha mtukutiko, yaani cha kutikisika mwili, wakifariki kwa kiwango cha zaidi ya mara sita ukilinganisha na watu wengine, na kutofuata dawa kuliongeza hatari hiyo.

Kwa nini mtu aliyeipata dawa aiache? Mke mgeni hamezi kidonge mbele ya wakwe. Mwanafunzi wa bweni hakifungui kichupa mbele ya wenzake. Mfanyakazi hathubutu kuomba ruhusa kila mwezi siku ile ile, maana bosi atauliza anakwenda wapi. Na sehemu kubwa ya Tanzania kifafa hutibiwa kwenye kliniki ya afya ya akili, kwa hiyo anayekwenda kuchukua vidonge vyake hupita mlango ambao mtaa mzima unauita mlango wa vichaa. Wapo wanaofika getini, wakamwona mtu wa mtaani kwao, wakageuza. Wanaoacha dawa za kifafa ghafla wanajiweka kwenye hatari ya mashambulio yanayofuatana bila fahamu kurejea katikati, hali inayoweza kuua ndani ya saa chache.

Lawama haiwaendei wagonjwa peke yao. Muuguzi anayeshika kadi ya mgonjwa kwa ncha za vidole, au anayemwambia akae benchi la mwisho, amefundisha foleni nzima kwamba povu linaambukiza. Somo hilo hakuna bango litakalolifuta.

Na dawa ipo, jambo linalozidisha hasira. Fenobabitoni imejulikana kuzuia kifafa tangu mwaka 1912. Ni kidonge kidogo, mara nyingi humezwa mara moja usiku. Jilek-Aall na Rwiza walipowafuatilia wagonjwa 164 wa kliniki ya Mahenge kwa muda wa miaka 30, walikuta kwamba kwa zaidi ya nusu yao mashambulio yalikoma kabisa walipokuwa kwenye dawa. Lakini hadi kufikia mwaka 1990 wagonjwa 110 walikuwa wamefariki, wengi kwa mashambulio yasiyokoma, kuzama majini na kuungua. WHO inasema hadi asilimia 70 ya watu wenye kifafa wanaweza kuishi bila mashambulio wakipata utambuzi na tiba sahihi, na kwamba dawa za mwaka mzima zinaweza kugharimu dola 5 tu za Kimarekani. Familia hulipa zaidi ya hapo kwa kuku wa mganga.

Sasa ya kufanya, kwa haraka.

Mtu akianguka, mtoe kwenye moto, maji, barabara au vyombo vyenye ncha. Mwekee kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, mlaze ubavu ili mate na matapishi yatoke nje. Tazama saa. Usimkandamize. Usimwekee kijiko, kijiti wala vidole mdomoni: ulimi haumezwi, ila meno huvunjika na vidole hung'atwa. Kiberiti puani, kitunguu, soksi, maji usoni, mafuta ya taa, yote acha. Usimpe chakula wala kinywaji mpaka azinduke sawasawa. Kaa naye, kwa kuwa atazinduka amechanganyikiwa na ataona aibu. Shambulio likizidi dakika 5, likijirudia kabla hajazinduka, akiwa mjamzito, ameumia, au ikiwa ndiyo mara ya kwanza, mpeleke kituo cha afya mara moja. Mtoto mwenye homa na degedege naye ni wa kukimbizwa kituoni, si wa kufukizwa.

Kliniki nenda na mtu aliyeliona shambulio. Mwenye simu na alirekodi: video ya dakika moja humsaidia mtabibu kuliko maelezo ya nusu saa. Anza na dawa moja, kwa kipimo ulichopewa, kila siku, hata kama hujaanguka mwezi mzima. Usingizi ukizidi au mtoto akiwa mtundu kupita kiasi, mwambie mtabibu apunguze au abadilishe, usiache mwenyewe. Kuacha dawa huzungumzwa baada ya miaka 2 bila shambulio, na hufanywa polepole. Msichana au mwanamke anayeweza kubeba mimba aulize kuhusu valproati, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto tumboni na zipo dawa nyingine. Akishika mimba asitupe vidonge, awahi kliniki. Mama anyonyeshe.

Mpaka mashambulio yakome: jiko liinuliwe au lizungushiwe kizuizi, kuoga kwa ndoo kuliko mtoni, kuogelea na kuvua samaki na mwenzako, kutopanda minazi, kutoendesha bodaboda wala gari. Pombe na kukesha huamsha mashambulio. Nyama ya nguruwe ipikwe mpaka iive kabisa, choo kitumike, mikono inawiwe. Penye usubi, ivermectin imezwe kila inapogawiwa. Mtoto aende shule, na mwalimu afundishwe kumlaza ubavu. Ni somo la dakika kumi.

Waganga wakuu wa wilaya nao wana kazi isiyohitaji mfadhili. Waitoe kliniki ya kifafa nyuma ya mlango ule wa vichaa, waichanganye na ya kisukari na shinikizo la damu, wampe mgonjwa aliyetulia vidonge vya miezi kadhaa kwa mara moja, na wahakikishe fenobabitoni haikosekani zahanati hata wiki moja, maana wiki hiyo moja inatosha kumwangusha mtu aliyekaa miaka 3 bila kuanguka.